Somo la 6: Kunyooshwa na Bwana

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Sam. 9:2, 10:20–24, 2 Sam. 15:30, Zab. 3, Luka 13:10–17, Law. 26:13, Luka 18:9–14, 2 Sam. 9, Luka 21:28.

Fungu la Kukariri: Zaburi 3:3. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, mpaka uweze kulisema bila kutazama. Daudi anamwita Bwana ngao yake, tena anakiri kwamba ni Bwana anayekiinua kichwa chake.

Mwili husema hata kinywa kikinyamaza. Mama akimwona mtoto wake anarudi kutoka shuleni kichwa kimeinama na mabega yameshuka, hujua kuna jambo kabla hajauliza. Mtu aliyeachishwa kazi jana hatembei leo kama alivyotembea juma lililopita. Naye aliyepokea habari njema huinua kifua bila kuambiwa na mtu.

Wengi wetu tumewahi kuambiwa, “Nyoosha mgongo!” Tukanyooka kwa dakika chache, kisha tukarudi palepale. Mara nyingine sababu ni kiti kibaya, kazi nzito au ugonjwa, na mambo hayo tutayazungumzia siku ya Alhamisi. Lakini mara nyingi kilichoinama kwanza ni moyo. Hofu, aibu, hatia, na maneno tuliyoambiwa tukiwa wadogo hukaa mabegani kama mzigo wa kuni, na amri ya kunyooka haiutui mzigo huo.

Biblia inawataja watu wengi walioinama na watu waliosimama wima. Inatuonyesha pia mahali unapotoka ujasiri wa kweli. Juma hili tutamwona mtu mrefu aliyejificha, mfalme aliyetembea amefunika kichwa, mwanamke aliyeinama miaka 18, na mtu mwenye miguu iliyolemaa aliyekaa mezani pa mfalme. Katika habari zao tutajifunza kwamba Mungu humnyoosha mtu kwa kumrudishia kwanza nafasi yake mbele zake, na kwamba mwili nao una sehemu yake katika kazi hiyo.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

---

JUMAPILI

Mtu Mrefu Aliyejificha

Soma 1 Samweli 9:2 na 10:20–24. Sauli alikuwa na umbo la namna gani? Alikuwa wapi siku alipotakiwa kutangazwa kuwa mfalme?

Kama kungekuwa na mtu wa kujivunia umbo lake, ni Sauli mwana wa Kishi. Alikuwa kijana mzuri, na hapakuwa na mwingine katika Israeli aliyemzidi. Watu wote walimfikia mabegani tu. Hata hivyo, siku ya kutangazwa kwake hakuonekana. Ilibidi watu wamwulize Bwana, nao wakajibiwa kwamba amejificha penye vyombo. Wakapiga mbio, wakamtoa huko, akasimama katikati yao. Na hapo ndipo urefu wake ukaonekana.

Tunaweza kuiona hali hiyo kuwa unyenyekevu, na huenda mwanzoni ilikuwa hivyo. Maana alipoitwa na Samweli, Sauli alijieleza kuwa mtu wa kabila dogo na jamaa iliyo ndogo kuliko zote za Benyamini (1 Sam. 9:21). Lakini maisha yake yaliyofuata yanaonyesha kwamba ndani yake palikuwa na hofu isiyotibiwa. Alikiri mwenyewe kwamba alivunja agizo la Bwana kwa sababu aliwaogopa watu (1 Sam. 15:24). Goliathi alipotoa maneno yake bondeni, yule aliyewazidi wote kwa kimo alifadhaika na kuogopa pamoja nao (1 Sam. 17:11). Usiku wa mwisho kabla ya vita vya Gilboa, tunamkuta amelala kifudifudi chini urefu wake wote, nguvu zimemwishia (1 Sam. 28:20).

Je, Mungu alikuwa amemnyima msaada? Sivyo. Tunasoma kwamba Mungu alimbadilishia moyo akawa na moyo mwingine (1 Sam. 10:9). Zawadi ilitolewa. Lakini moyo mpya hutunzwa kwa kumtii Mungu na kumtegemea kila siku, na Sauli aliendelea kuzitazama nyuso za watu ili ajue yeye ni nani.

Mfano wake unatuonya sisi tunaodhani kwamba tungekuwa na mwili mwingine, tungekuwa na ujasiri. Kijana hutamani kimo, binti hutamani umbo la mwenzake, na mtu mzima hutamani suti itakayomfanya aonekane mtu mbele za watu. Sauli alikuwa na kimo, na baadaye akawa na vazi la kifalme, lakini bado aliogopa. Si ajabu kwamba Mungu alipomtuma Samweli kumtafuta mfalme mwingine, alimwonya asitazame uso wala urefu wa kimo, kwa kuwa Bwana hutazama moyo (1 Sam. 16:7).

Ni “vyombo” gani ambavyo watu hujificha nyuma yake siku hizi wanapoogopa kuonekana? Wewe hujificha wapi?

---

JUMATATU

Kichwa Kilichofunikwa

Soma Mwanzo 4:5–7 na 2 Samweli 15:30. Nyuso na vichwa vya watu hawa vinatuonyesha nini kuhusu mioyo yao?

Hatujasoma sura nyingi za Biblia tunakutana na uso ulioanguka. Kaini alighadhibika, na uso wake ukakunjamana. Mungu hakuuliza kuhusu sadaka. Aliuliza kuhusu uso ule. Akamwonyesha kwamba kama angetenda vema angepata kibali. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana ya kuinuliwa. Uso ulioanguka ungeweza kuinuka tena, na mlango ulikuwa bado wazi. Kaini hakuingia.

Miaka mingi baadaye tunamwona mfalme Daudi akipanda mlima wa Mizeituni. Analia, kichwa amekifunika, na miguu haina viatu. Anamkimbia Absalomu, mwanawe wa kumzaa. Mzigo wake haukuwa hofu ya upanga peke yake. Daudi alijua kwamba nabii Nathani alikwisha kumwambia kuwa mabaya yangeinuka kutoka katika nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya dhambi aliyoitenda katika habari ya Uria (2 Sam. 12:9–11). Katika kila hatua ya mlima ule aliweza kujiambia, Haya nimeyaleta mimi mwenyewe.

Soma Zaburi 3:1–6. Kichwa cha zaburi hii kinasema iliimbwa wakati gani? Daudi anapata wapi ujasiri wake?

Zaburi ya tatu ni ya wakati uleule wa kumkimbia Absalomu. Wengi walisema kwamba hata Mungu hawezi kumwokoa tena. Daudi hakujibu kwa kusema kwamba yeye ni mtu mwema, wala hakujitia moyo kwa kukumbuka jinsi alivyomwua Goliathi. Alisema kwamba Bwana ndiye anayekiinua kichwa chake. Kichwa kilichofunikwa mlimani kiliinuliwa na mkono wa Mungu aliyemkosea. Kisha angalia jambo dogo katika fungu la 5: Daudi alilala, akapata usingizi, akaamka. Mtu aliyesamehewa huweza kulala hata akiwa amezungukwa na adui.

Hapa ndipo ujasiri wa Mkristo unapotofautiana na kule kujiamini kunakohubiriwa mahali pengi. Wengine hutuambia tujitazame kwenye kioo na kujisifu. Lakini mtu mwenye hatia moyoni hawezi kujisifu kwa muda mrefu. Anajua asiyoyajua mwingine. Injili haimwombi adanganye kuhusu nafsi yake. Inamwambia ukweli wote, kisha inampa Kuhani Mkuu anayechukuliana na udhaifu wake, na kumkaribisha kwenye kiti cha neema kwa ujasiri (Ebr. 4:15, 16).

Je, kuna jambo la zamani linalokufanya uinamishe kichwa kila linapotajwa? Ungelipelekaje kwa Bwana leo, kabla jua halijachwa?

---

JUMANNE

Miaka Kumi na Minane

Soma Luka 13:10–17. Andika kwa mpangilio mambo ambayo Yesu alimtendea mwanamke huyu. Lipi lilitangulia? Lipi lilifuata?

Mwanamke huyu alikuwa amepindana, asiweze kujiinua hata kidogo. Kwa miaka 18 alizoea kuona udongo, miguu ya watu na kwato za punda. Ili kumtazama mtu usoni alihitaji kugeuza shingo kwa taabu. Lakini siku ya Sabato alikuwa sinagogi. Hatusomi kwamba alikwenda kuomba uponyaji. Alikwenda kuabudu.

Yesu alimwona, akamwita. Akamwambia kwamba amefunguliwa katika udhaifu wake. Ndipo akaweka mikono yake juu yake, naye akanyooka mara moja, akamtukuza Mungu. Tusipite haraka juu ya mpangilio huu. Alipotangaziwa kuwa yu huru, alikuwa bado ameinama. Hakuambiwa ajitahidi kwanza kunyooka ndipo akubaliwe. Neno la Yesu lilitangulia, mkono wake ukafuata, na mgongo ukaitikia.

Kisha Yesu alifanya jambo jingine. Mkuu wa sinagogi alipokasirika na kuwakemea watu, Yesu alimtaja mwanamke huyu mbele ya wote kuwa binti wa Ibrahimu. Huenda kwa miaka 18 mtaa mzima ulimtambua kwa mgongo wake. Sasa alitambuliwa kwa ukoo wake na agano la Mungu.

Soma Mambo ya Walawi 26:13 na Kumbukumbu la Torati 5:15. Kuna uhusiano gani kati ya uhuru, mgongo ulionyooka na siku ya Sabato?

Mungu aliwakumbusha Waisraeli kwamba yeye ndiye aliyeivunja miti ya kongwa lao na kuwawezesha kutembea wima. Mtumwa hutembea ameinama kwa sababu ya kongwa. Mtu huru huinua kichwa. Neno la Kiebrania lililotumiwa kwa kutembea wima linaonekana mahali hapo tu katika Biblia nzima. Na katika Kumbukumbu la Torati, kutoka utumwani ndiyo sababu inayotajwa ya kuishika Sabato.

Kwa hiyo Yesu hakuvunja Sabato alipomnyoosha mwanamke huyu. Aliitimiza maana yake. Ng’ombe hufunguliwa siku ya Sabato akanyweshwe maji; je, binti wa Ibrahimu aendelee kufungwa? Katika siku sita wengi wetu tumeinama: shambani kwenye jembe, sokoni kwenye bidhaa zilizopangwa chini, cherehani, ofisini kwenye kompyuta. Sabato inapoingia, Bwana anatuita tuinuke, tumtazame yeye, na tukumbuke kwamba sisi si watumwa wa mtu wala wa kazi.

Katika kanisa lako, ni nani anayejulikana kwa udhaifu wake kuliko kwa jina lake? Juma hili utamwita jina gani?

---

JUMATANO

Kusimama Bila Kujivuna

Soma Isaya 3:16 na Luka 18:9–14. Ni nani aliyeinua shingo? Ni nani aliyeinamisha macho? Mungu aliwaonaje?

Mtu anaweza kuuliza, Kama kuinama ni dalili ya moyo ulioshuka, mbona yule mtoza ushuru aliyekataa hata kuinua macho yake ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki? Na mbona Isaya anawakemea binti za Sayuni waliotembea na shingo zilizonyooshwa?

Jibu ni kwamba mgongo mnyoofu peke yake hauna utakatifu. Kiburi nacho husimama wima. Tofauti iko katika kile kinachomshikilia mtu. Farisayo alisimama kwa kujilinganisha na jirani. Alihitaji mtoza ushuru awe chini ili yeye aonekane yuko juu. Ujasiri unaotoka kwa Mungu hauhitaji mtu yeyote awe chini. Nao wenye kiburi huinama haraka sana wakikutana na aliyewazidi fedha au cheo.

Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtoza ushuru alitaka rehema, akainama mahali inapopatikana. Akarudi nyumbani mtu mwingine. Danieli naye alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu (Dan. 6:10). Kwa sababu hiyo, amri ya mfalme haikuweza kumfanya aache. Na rafiki zake watatu, katika uwanda wa Dura, walibaki wamesimama wakati watu wa kila kabila na lugha walipoanguka mbele ya sanamu (Dan. 3). Walikwisha kujua ni mbele za nani wanapaswa kuinama.

Wala tusichanganye hofu na adabu. Katika jamii nyingi za kwetu binti hupiga goti kumwamkia mzee, na kijana huinama kidogo akipokea kitu kwa mikono miwili. Ibrahimu mwenyewe aliinama mbele ya wenyeji wa nchi alipokwenda kununua mahali pa kumzika Sara (Mwa. 23:7). Heshima si utumwa. Mtu aliye huru ndani anaweza kuinama kwa upendo na kuinuka tena bila kupungukiwa kitu. Yesu, akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi (Yn. 13:3–5).

Utajuaje kama ujasiri ulio nao umetoka kwa Mungu au umetokana na kuwadharau wengine? Taja dalili mbili.

---

ALHAMISI

Mwili Ulio Hekalu

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Fungu hili lina uhusiano gani na namna tunavyokaa, tunavyosimama na tunavyobeba mizigo?

Mungu anayeshughulika na moyo ndiye aliyeumba uti wa mgongo. Una pingili 33, na kati ya hizo 24 za juu hubaki zimeungana kwa namna inayoziruhusu kujongea. Zile za chini huungana kadiri mtu anavyokua. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kikikaa sawasawa juu ya shingo, mifupa hubeba uzito huo kwa urahisi. Kikiinamishwa mbele kwa saa nyingi, kama tunavyofanya tukitazama simu, misuli ya shingo na mgongo hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi. Tena kifua kilichokunjwa huyapunguzia mapafu nafasi ya kujaa hewa.

Mambo madogo husaidia sana. Ukikaa, miguu ikanyage sakafu na mgongo uegemee. Usikae namna moja kwa muda mrefu. Inuka kila baada ya nusu saa hivi, utembee kidogo. Ukiinua ndoo au gunia, kunja magoti, ukaribishe mzigo mwilini, uinuke kwa nguvu za miguu badala ya kiuno. Kama unachota maji mbali, ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja kubwa ya upande mmoja. Jembe lenye mpini mrefu humpunguzia mkulima kuinama. Inua simu karibu na usawa wa macho. Tembea kila siku, na upumzike usiku.

Wazazi nao wawe waangalifu. Binti anayeanza kukua hukunja mabega ili kuficha kifua, na mvulana aliyerefuka haraka huinama ili afanane na wenzake. Kumkemea au kumtania huzidisha aibu. Mzungumzie kwa faragha na kwa upole kuhusu mwili ambao Mungu anamjengea. Yesu alimwita yule mwanamke, akasema naye, akamgusa, hakumcheka.

Lakini ni lazima tuseme jambo jingine kwa uwazi. Si kila mgongo ulioinama ni ishara ya imani ndogo. Uzee hudhoofisha mifupa, hasa kwa akina mama, na mgongo ukapinda. Kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo na kusababisha kibiongo, nacho hutibika kwa dawa kikigunduliwa. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, homa na kukonda, au miguu inayoanza kufa ganzi au kukosa nguvu, ni sababu ya kwenda hospitali upesi. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo aongeze maombi tu ni kumtwika mzigo wa pili.

Soma 2 Samweli 9. Ni nini kilichobadilika katika maisha ya Mefiboshethi? Ni nini ambacho hakikubadilika?

Mefiboshethi alilemaa miguu yote miwili akiwa na miaka mitano, yaya wake alipomwangusha katika mbio za kukimbia (2 Sam. 4:4). Mbele ya Daudi alianguka kifudifudi, akajiita mbwa mfu. Daudi alimwambia asiogope, akampa nafasi mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Sura inamalizika kwa kutuambia kwamba alikula mezani pa mfalme daima, na kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Miguu haikunyooka. Lakini hakuna tena mahali tunapomsikia akijiita mbwa mfu. Wapo miongoni mwetu ambao miili yao itanyooshwa siku ya ufufuo. Nafasi yao mezani wanayo leo.

Kanisa lako limefanya nini ili mwenye ulemavu aingie, akae na kushiriki bila kuhisi kuwa mzigo? Ni jambo gani moja mnaloweza kurekebisha?

---

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Zaburi 42 na 43, Danieli 10:7–19, Luka 21:25–28, Waebrania 12:1–13.

Katika kitabu *Elimu*, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1903, Ellen G. White aliweka namna sahihi ya kukaa na kusimama miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mwanafunzi anapaswa kufundishwa. Hakuliona kuwa jambo la urembo. Aliunganisha mwili ulio wima na ushujaa, utulivu na heshima ya mtu, na akawataka walimu wafundishe jambo hilo kwa mfano wao wenyewe. Hivyo njia hii ina pande mbili. Moyo ulioinuliwa huuinua mwili, nao mwili unaotunzwa vizuri humsaidia mtu kupumua, kufikiri na kuomba.

Mtunga zaburi alijua kwamba kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Mara tatu, katika Zaburi 42:5, 42:11 na 43:5, anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama, na kila mara anairudisha kwenye tumaini katika Mungu. Danieli naye hakuinuka kwa mara moja. Mkono ulimgusa ukamweka juu ya magoti na vitanga vya mikono yake. Kisha akaambiwa asimame, akasimama akitetemeka. Kisha akatiwa nguvu tena. Ukiwa bado unatetemeka, usidhani kwamba Mungu amekuacha katikati.

Waebrania 12:12 inatutaka tuinyooshe mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza. Kitenzi cha Kiyunani kilichotumika hapo ndicho alichotumia Luka alipoeleza jinsi yule mwanamke alivyonyooka. Kilichofanywa na Bwana kwa mwanamke mmoja sinagogi, kanisa linaitwa lifanye kwa wale waliochoka njiani.

Tena, Luka anapoeleza kwamba mwanamke huyo hakuweza kujiinua, anatumia neno ambalo linaonekana mara moja tu nyingine katika Injili yake, nayo ni Luka 21:28. Hapo Yesu anasema kuhusu dalili za kuja kwake. Watu watakuwa wakivunjika mioyo kwa hofu, lakini wanafunzi wake wanaambiwa wajiinue na kuviinua vichwa vyao, kwa kuwa ukombozi wao umekaribia. Wanaolingojea tumaini hilo wanaanza kujifunza kusimama sasa, Sabato kwa Sabato, wakimtazama yeye anayekuja.

Maswali ya Kujadili:

1. Sauli alipewa moyo mwingine, lakini hofu ya watu ikamshinda. Ni mazoea gani ya kila siku yanayomsaidia mwamini kuutunza ujasiri aliopewa na Mungu? Toeni mifano kutoka katika maisha ya nyumbani, kazini na shuleni.

2. Jadilini tofauti kati ya kumwambia mtu “Jiamini!” na kumwambia kwamba amesamehewa na ni mtoto wa Mungu. Ni wakati gani neno la kwanza linaweza kumwacha mtu bila msaada?

3. Mshiriki mmoja wa darasa lenu ana maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Mwenzake anamwambia kwamba ni dhambi iliyofichwa. Mkitumia Luka 13 na 2 Samweli 9, mtamjibu nini yule mwenzake? Mtamsaidiaje mgonjwa kwa vitendo?

4. Mkuu wa sinagogi alikasirika kwa sababu mtu alinyooka siku ya Sabato. Je, kuna desturi katika ibada zetu, hata zenye nia njema, zinazowafanya watu waendelee kuinama?

5. Katika juma lijalo, chagua mtu mmoja ambaye kichwa chake kimeinama. Utamwona, utamwita na kusema naye namna gani, ili aone kwamba Bwana bado huviinua vichwa vya watu wake?